Ubao wa Asali na Shubiri

Jina la arobaini na moja lilikuwa la mke wa kanali. Safia alichora mstari mwingine wa chaki juu ya meza, akakandamiza vispika masikioni, akaendelea kungoja. La arobaini na mbili, mwenye maduka ya saruji. La arobaini na tatu, mheshimiwa fulani pamoja na mama yake mzazi. Siku za mwizi ni arobaini, alijisemea, na huyu ameshazipita.

Kutaja majina ndani ya wimbo si kosa. Kongo nzima ndivyo inavyoimba: mtu anakufadhili, nawe unamrushia libanga, jina lake linaruka kati ya gitaa na kiitikio ili dunia imsikie. Safia hakuwa na ugomvi na mabanga. Miaka ishirini amekuwa akiuza nyimbo katika kibanda chake karibu na stesheni ya Kindu, akizijaza kwenye kadi za simu za watu, na majina ya matajiri alikwisha kuyazoea kama muuza samaki alivyozoea nzi. Ila katika albamu hii mpya ya Abou Saphir alikuwa akitafuta jina moja tu. Nyimbo tano zilipita, halikutajwa. Ulibaki wa sita.

Wa sita haukuhitaji vispika. Duka la jirani lilikuwa likiupiga tangu asubuhi, na la mbele yake pia. Binti yake Latifa, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano mwenye mtoto mgongoni, aliacha ufagio mlangoni akaanza kuchezesha kiuno. Wimbo ulianza kivivu, ukakaza mwendo, sauti ikapanda, ukakimbia, na mwishoni mwimbaji alikuwa akilia kama kifaranga huku ngoma zikimfukuza. "Mpunga! Mpunga uko njiani!" Barabara nzima iliitikia.

"Mama, Abou Saphir mwaka huu ametumaliza," Latifa alisema akihema. "Ile mwisho yake, alitoa wapi akili ya vile?"

Safia aliinama juu ya meza. Alihesabu mistari ya chaki mara mbili. Majina sitini na matatu. La Ayoubu halikuwamo.

Mezani kulikuwa na kazi nyingine inayomngoja. Kila Desemba Safia hutundika mlangoni ubao mweusi, ambao zamani ulikuwa mlango wa choo cha jirani, na kuugawa kwa mstari mmoja. Kushoto huandika ASALI, albamu tano alizozipenda mwaka huo. Kulia huandika SHUBIRI, albamu tano zilizomkera. Jumamosi ya mwisho ya mwaka huenda redioni kuusoma. Ukiwa wa kwanza kwenye Asali, hakuna harusi ya mtaa wa Kasuku wala wa Mikelenge itakayokamilika bila wewe, na ng'ambo ya mto, Alunguli, watakupiga mpaka wakuchoke. Ukiwa wa mwisho kwenye Shubiri, hata mwenye baa anakuzima asije akachekwa na wateja.

Mwaka huu nafasi nane zilikwisha kujaa bila taabu. Asali ya pili alimpa Odette wa Punia, aliyeimba matope ya barabara ya kwao kwa gitaa moja na kikohozi, na kikohozi chenyewe kilikuwa kinafuata mapigo. Ya tatu, wazee wa Kisangani ambao saksafoni yao imezeeka vizuri kuliko wenyewe. Kwenye Shubiri alimweka bwana mdogo wa Kinshasa aliyetoa nyimbo thelathini na mbili kwa mpigo. "Umeme ungekatika baada ya ya saba, ningemsamehe," aliandika chini yake. Alimweka na yule ambaye mapenzi yake yote huishia hotelini, kana kwamba watu hawapendani kwenye foleni ya maji.

Zilibaki mbili: ya kwanza ya Asali, na ya mwisho ya Shubiri.

Ile ya mwisho ya Shubiri ilikuwa na mwenyewe. Abou Saphir alikuwa ametoa albamu nyingine saba tangu vita viishe, na zote saba zilikaa pale pale, chini kabisa, kulia. Watu walisema Mama Safia ana sikio kali. Ni kweli zilikuwa mbovu. Lakini kilichokuwa kikiandika si sikio peke yake. Ilikuwa ni chuki, chuki aliyoitunza kama makaa chini ya majivu, na kila albamu ilipotoka aliipuliza kidogo akaota moto wake. Na sasa mtu huyo amemletea albamu nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka, na Safia alijua sababu. Nyimbo zote sita hazikuwa zake.

Mwaka wa 2002 Kindu ilikuwa imefungwa kama chungu chenye kifuniko. Wenye bunduki wa mjini hawakutoka, wenye bunduki wa porini hawakuingia, na watu wa kawaida wakabaki katikati wakichuma matembele kandokando ya kuta. Reli ililala. Mpunga wa Kibombo, ambao ndio uliolea mji mzima, haukufika. Ayoubu, kaka yake Safia, alikuwa karani wa stesheni isiyo na treni. Alikuwa na gitaa, na sauti aliyoinolea kwenye kaswida za madrasa. Latifa wa miaka mitatu alipolia njaa, mjomba wake alimpakata akamwimbia: lala mwana, mpunga uko njiani, lala. Aliimba polepole mno, kwa maana mtoto mwenye njaa hapelekwi mbio usingizini.

Nyumbani kulikuwa na redio ya kaseti mbili, kaseti mbili tupu, na mawe sita ya mwisho ya redio, betri zake ndogo. Mawe hayo Safia alikuwa ameyaanika juani mara nne na kuyachemsha na chumvi mara moja. Alasiri moja walifunga mlango wakarekodi nyimbo sita bila kupumzika, wa mwisho ukiwa ule wa kumlaza Latifa. Mawe yalianza kufa katikati yake, nao hawakujua.

Walijua kesho yake, jirani alipowaazima betri ya gari ili wanakili kaseti. Nyimbo tano zilitoka salama. Wa sita ulianza vizuri, halafu ukashika njia. Wakati wa kurekodi mkanda ulikuwa ukitembea kwa kuchoka, kila dakika polepole zaidi. Sasa ukiendeshwa kwa nguvu kamili, sauti ya Ayoubu ilikaza mwendo, ikapanda, ikakimbia, mpaka akamaliza akilia kama kifaranga. Ayoubu alicheka hadi akakaa chini.

"Tutairudilia siku mawe itafika," alisema akijifuta machozi. "Lakini uandike kwa karatasi, Safia. Abou ajue hii ya sita njo polepole."

"Nitaandika."

Hakuandika. Aboubakar, ambaye siku hizo hakuwa bado Abou Saphir, rafiki wa Ayoubu aliyekaa Alunguli, ndiye aliyekuwa akizingojea nyimbo zile, na alivuka mto asubuhi moja akikimbia. Amepata nafasi kwenye ndege ya mizigo ya kwenda Goma, injini zinawaka. Alitia nakala ndani ya shati bila kuuliza kama kuna kaseti nyingine. Aliapa kwa Mungu, mkono juu ya bega la Ayoubu, kwamba ataipeleka kwa watu wa studio, kwamba jina la Ayoubu litakuwa mbele, kwamba ataandika barua. Ndege ikaondoka.

Ayoubu alingoja. Kila ndege ilipotua alitembea hadi uwanjani kuuliza barua. Mwezi wa nne wa kungoja, kipindupindu kilimchukua kwa siku mbili. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa kuuliza kama leo kuna ndege. Baada ya matanga Safia alichukua kaseti ya kwanza, ile iliyobaki, akavunja vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu yake, akaifunga ndani ya kitambaa. Hakuipiga tena. Naye aliapa siku hiyo, na kiapo chake hakikuwa na ndege ya kukipeleka mbali.

Alhamisi kabla ya Jumamosi ya redio, Aboubakar alikuja mwenyewe kibandani. Alikuwa amefika Kindu kwa ajili ya tamasha la Jumapili, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope ya stesheni. Watu walijaa nje kumtazama. Alimtuma Latifa akalete soda, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Safia. Weye hauzeeke."

"Nazeeka. Macho yako njo haizeeke, Aboubakar. Bado inaona tu kile inapenda."

Alicheka. Kucheka alikuwa anajua. "Kila albamu unanitia chini. Kule Kinshasa wananisema: ule mwana Kindu, kwao njo wanamukatala. Miye nanyamaza. Lakini mwaka huu iko tofauti. Umesikia?"

"Nimesikia. Umerusha majina makumi sita na tatu. Nimehesabu. Ayoubu alikosa nafasi?"

Kicheko kilibaki usoni, ila macho yaliondoka. Alitazama mlangoni, akashusha sauti.

"Alikuwaka rafiki yangu. Nilimulilia. Lakini muntu alikufa, Safia. Bila miye zile nyimbo zingelala naye mu udongo. Nilizibeba. Miaka makumi mbili na mbili nilizibeba, na sasa kila muntu anaziimba. Weye ungezifikisha wapi, na hii kibanda yako?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, kama mwiba ndani ya dagaa. Safia aliacha lipite.

"Ulizibeba," alisema. "Mwizi naye anabebaka."

"Mwizi wa nini? Kaseti ilikuwa moja. Iliisha kuharibika zamani. Hakuna muntu atakuamini, na sitaki matata na weye." Alisimama, akakung'uta suruali. "Jumamosi tuko wote wawili kwa redio. Utasoma listi yako. Unitie juu. Si sababu yangu, ni sababu ya haki. Unajua hakuna albamu inapita ile."

"Najua," Safia alisema. "Njo ya kwanza ya mwaka. Nitasema vile."

Aboubakar alimtazama kwa mshangao, kisha kwa shukrani, akaondoka akipungia watu. Kaseti ilikuwa moja! Safia alicheka peke yake, akachekea kwapani kama mwanamke mwenye siri ya harusi. Na kumbe kule kusahau kwake kuandika karatasi, ambako kulimnyima usingizi miaka mingi, kulikuwa kumetega mtego. Mwizi alikuwa ameiba hata ugonjwa wa mawe. Alikuwa amewaajiri wapiga ngoma kuufuata.

Siku mbili zile hakuuza wimbo. Aliitoa redio ya zamani chini ya kitanda, akabadilisha mkanda wa mota kwa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, akasafisha kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba na spiriti. Alizunguka madukani akiomba mawe yaliyochoka, yale ambayo watu hutupa, akayajaribu moja moja mpaka akapata sita ya kumridhisha: yenye nguvu ya kuanza safari, yasiyo na nguvu ya kuimaliza. Muuza tochi alimwuliza kama ameanza kuwa mchawi.

Kaseti yenyewe ndiyo iliyomtia hofu. Alipoifungua kitambaa, mkanda ulikuwa umekauka na kukunjamana pembeni. Kwa ujuzi wake ungecheza mara moja, pengine mbili, halafu ungekatika. Alikaa nayo mapajani muda mrefu. Miaka yote hiyo alikuwa akijiambia kuwa iko siku atafunga mlango, atamketisha Latifa, na watamsikiliza Ayoubu wao wawili tu. Mara hiyo moja alikuwa nayo mkononi. Angeweza kuitumia sasa hivi, na Abou Saphir akaenda zake na uongo wake.

Aliirudisha ndani ya kitambaa. Ukikatika, ukatike mbele yake.

Jumamosi saa tisa alasiri, studio ilikuwa na joto la kuokea mikate. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro, na nje ya dirisha dogo watu walibanana kumwona mgeni. Fifi, mtangazaji, aliwaketisha wageni wake wawili meza moja, kila mtu na maikrofoni yake. Safia aliweka kikapu chake miguuni, kimefunikwa kitenge.

Alisoma kama anavyosoma kila mwaka. Kikohozi cha Odette kilimchekesha Fifi, na nyimbo thelathini na mbili za bwana mdogo zikawachekesha hata wa dirishani. Kisha zikabaki mbili.

"Asali ya kwanza ya mwaka," Safia alisema, "ni zile nyimbo sita ziko ndani ya albamu ya Abou Saphir. Toka vita iishe sijasikia nyimbo zinapita zile."

Nje ilipigwa kelele ya furaha. Aboubakar alifumba macho, akaweka mkono kifuani.

"Lakini kabla nisome Shubiri ya mwisho, niko na swali moja. Ule wimbo wa sita. Ile kukimbia yake, mpaka sauti inakuwa ya kifaranga. Ilikuya namna gani?"

Aboubakar alijisogeza kwenye maikrofoni. Swali la namna hiyo ndilo msanii analoliombea.

"Ah, Mama Safia. Ile njo siri ya kazi. Nilikuwa kule Ulaya, nalala, nikaota treni inatoka hapa stesheni yetu. Inaanza polepole, inakaza, inakimbia, inapiga firimbi. Nikaamuka, nikaimba vile. Hakuna muntu alinifundisha."

"Hakuna muntu?"

"Mungu tu."

Safia alisikia utamu ukimpanda kutoka miguuni. Haukuwa utamu wa kujivunia. Ulikuwa ule wa mtu anayemwona panya akinusa dagaa, na mtego uko wazi, na yeye ndiye aliyeuweka. Aliinama taratibu ili usiishe haraka. Kisha akafunua kikapu, akaweka redio ya kaseti mbili juu ya meza, mkanda ukiwa umeshafikishwa kwenye wimbo wa sita, akachomeka waya kwenye umeme wa studio.

"Hii njo ilikufundisha," alisema, akabonyeza.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Halafu gitaa moja, bila ngoma, bila kiitikio. Halafu sauti ya kijana ambayo hakuna aliyeijua, ikianza kivivu, ikikaza mwendo, ikipanda, ikikimbia, mpaka ikamaliza ikilia kama kifaranga, hatua kwa hatua, pumzi kwa pumzi, kama alivyoimba Abou Saphir. Kabla mkanda haujaenda mbele zaidi, Safia alibonyeza ukasimama.

"Hiyo ni Ayoubu, kaka yangu, karani wa stesheni," alisema kwenye maikrofoni, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotazamia. "Ni mwaka wa elfu mbili na mbili, vita imetufunga. Hakuimba mbio. Mawe ya redio ilikuwa inakufa, na mashine ikadanganya. Huyu bwana aliiba nyimbo, akaiba na kosa la mashine, akasema ni ndoto ya treni. Alirusha majina makumi sita na tatu. Miye narusha la makumi sita na ine. Ayoubu. Zote sita ni za Ayoubu. Shubiri ya mwisho ya mwaka si albamu. Ni mwimbaji."

Fifi alimgeukia Aboubakar. Taa nyekundu ya hewani ilikuwa inawaka, na maikrofoni ya Aboubakar ilikuwa wazi. Aliisukuma mbali kwa kiganja. Mtu mzima, viatu vyeupe, aliyerusha majina sitini na matatu.

Safia angeweza kuishia hapo. Kisasi kilikuwa kimeshiba. Lakini mikono yake ilikuwa imeshang'oa waya na kutoa kaseti, na sasa ilikuwa ikirudisha mkanda kwa kalamu ya Bic, polepole, kama walivyokuwa wakifanya zamani kuokoa mawe. Mkanda ulikwaruza. Haukukatika. Alipanga mawe sita yaliyochoka mgongoni mwa redio.

"Sasa musikie vile aliimba," alisema.

Mara hii sauti ilikuwa ya mwanamume. Nzito, ya karibu, ya mtu aliyepakata mtoto. Mawe yalikuwa yakifa kama yale ya kwanza yalivyokufa, na wimbo haukukimbia popote. Lala mwana, mpunga uko njiani. Lala. Safia alikuwa ameisahau pumzi ile fupi aliyokuwa akiivuta Ayoubu kabla ya neno "mpunga", na ilipofika alishika ukingo wa meza. Mahali fulani karibu na stesheni, Latifa alikuwa kibandani na redio imewashwa, mtoto mgongoni.

"Safia," Aboubakar alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na Safia hakuyaonea huruma. "Zima ile kintu. Tafazali."

Wimbo ulifika mwisho wake. Kiti cha zamani kililia ndani ya mkanda, kuku alipita, na Ayoubu akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye chumbani:

"Safia, zima sasa. Tutunze mawe."

Kidole cha Safia kilikuwa juu ya kibonyezo. Hakuzima. Mkanda uliendelea kuzunguka, polepole na polepole zaidi, ukitoa mvumo mtupu wa chumba kile cha zamani, na nje barabara nzima, toka stesheni mpaka kivukoni, ilikuwa ikiusikiliza.